Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu na afya: mtoto mwenye usonji asisubiri cheti ndipo afundishwe

Waheshimiwa Mawaziri wa Elimu, wa Afya na wa TAMISEMI, pamoja nanyi Wakurugenzi na Maafisa Elimu wa halmashauri,

Salaam.

YAH: UPIMAJI WA USONJI NA MSAADA WA MTOTO SHULENI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mama wa mwanafunzi wa darasa la pili mkoani Morogoro, fundi cherehani kwa kazi. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu barua za kawaida nimeshaandika. Zimegongwa muhuri wa "imepokelewa", kisha kila ofisi ikanielekeza kwa upole ofisi nyingine. Sina ugomvi na mtu hata mmoja. Wengi walinisikiliza vizuri, na kuna afisa aliyenipisha kiti chake mwenyewe. Shida yangu ni kwamba katika ofisi zote hizo hakuna hata moja inayoweza kusema: mtoto huyu ni wetu, tunaanza naye hapa.

Hali ilivyo ni hii. Mwalimu mkuu anasema hawezi kumwombea mtoto msaada maalum bila karatasi ya daktari inayotaja tatizo. Daktari wa hospitali ya karibu anasema mtoto anaonyesha dalili za usonji, yaani hali inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake, ila kuthibitisha ni kazi ya bingwa, hivyo anaandika rufaa. Kwa bingwa wanataka ripoti ya shule: anajifunzaje, anachezaje na wenzake, anafuata maelekezo au hafuati. Shule haina cha kuandika, kwa kuwa siku nyingi wamemrudisha nyumbani kabla ya saa nne kwa maelezo kwamba anasumbua wenzake. Halmashauri nao wanasema leta vyote viwili, karatasi ya daktari na ripoti ya shule, ndipo waangalie kama kitengo cha elimu maalum kina nafasi. Na kitengo chenyewe kiko kata nyingine, daladala mbili kutoka kwetu.

Ninachoomba ni kimoja tu, mengine yote ni matawi yake. Acheni kuufanya upimaji kuwa geti la shule. Mtoto aanze kusaidiwa kwa kile ambacho mwalimu na mzazi wanakiona kwa macho, na cheti kimkute darasani.

Niwaeleze tunachokiona. Binti yangu ana miaka minane. Anaongea, ila maneno yake ni yale aliyoyasikia, na huyarudisha kwa sauti ya aliyeyasema. Akisikia kiu anasema, "Unataka maji?" kwa sauti yangu hasa, mpaka na kile kiherehere changu cha asubuhi. Akitaka kutoka nje anakuwa konda: "Msamvu, Msamvu, twende, wawili tu!" Sisi nyumbani tunamwelewa. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia darasani, anayeita mahudhurio, anasikia mtoto anayemrudishia jina lake badala ya kusema "nipo", na anadhani ni dharau. Siku moja alichapwa mkononi kwa hilo. Kanuni zenu za viboko zinamtaka anayeadhibu azingatie umri, jinsia na afya ya mwanafunzi, viboko visizidi vinne, na ruhusa itoke kwa mwalimu mkuu. Sasa afya ya mtoto ataizingatia vipi mtu ambaye hajaelezwa chochote kuhusu mtoto huyo?

Halafu kuna kengele. Kengele ya shule ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe, na mwanafunzi wa zamu huipiga kwa nondo. Sauti hiyo binti yangu haiwezi. Anaziba masikio, anapiga kelele, anakimbia, na geti halina mlinzi. Hapo ndipo neno "anasumbua" lilipozaliwa.

Mwaka wake wa awali alipata mwalimu ambaye hakuwa na stashahada ya elimu maalum wala semina yoyote ya usonji. Mama yule alikata boksi la sabuni vipande vya ukubwa wa kiganja, akachora: uji, kengele, kusoma, choo, mpira, nyumbani. Akavitoboa, akavifunga kwa uzi wa katani, akavitundika ukutani karibu na dawati la binti yangu. Kila kazi ikiisha mtoto anageuza kipande na kuona kinachofuata. Kabla ya kengele mwalimu anamwonyesha picha ya kengele, kisha anatoka naye mpaka nyuma ya darasa, mbali na mwembe, wanasubiri ipigwe, wanarudi. Ndani ya muhula ule mtoto alikuwa anakaa darasani mpaka saa za kutoka. Alijifunza kuandika herufi tatu za kwanza za jina lake. Hatukuwa na cheti, rufaa wala kikao. Gharama yake yote ilikuwa boksi.

Kisha mwalimu akahamishwa. Ni haki yake, na nasikia alikuwa anamfuata mume wake kikazi, kwa hiyo simlaumu mtu. Lakini aliyempokea hakukuta mahali popote pameandikwa kwamba mtoto huyu anahitaji picha, au kwamba atolewe nje kabla ya kengele. Vile vipande niliviokota mwenyewe kwenye takataka za usafi wa Ijumaa. Mtoto ana namba ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, na kwa namba hiyo mtamfuatilia mpaka amalize shule: alihama lini, alipata alama gani. Lile jambo moja linalomwezesha kukaa kwenye dawati halikuwa na mahali pa kuandikwa.

Ndiyo maana nikisikia mtu mzima na cheo chake anasema "tutaanza akishapimwa", naona hajui upimaji wenyewe ni nini. Watu wengi, hata walioko ofisini, wanadhani usonji unapimwa kama malaria: unatoboa kidole, unasubiri jibu. Hakuna kipimo cha damu cha usonji, wala picha ya kichwa inayouonyesha. Masikio hupimwa, kifafa huangaliwa, na ni vizuri ifanyike hivyo ili kuona kama kuna jambo jingine. Usonji wenyewe hubainishwa na mtaalamu anayekaa na mtoto, anamwangalia anavyocheza na anavyowasiliana, na kumhoji mzazi kwa kirefu tangu mtoto alipokuwa mchanga. Vinavyotakiwa ni chumba tulivu, dodoso, mtu aliyefundishwa, na muda. Muda ndio haupo. Foleni ya kliniki imejaa mpaka kwenye korido, daktari mmoja, nami naambiwa nieleze miaka minane kabla mgonjwa mwingine hajabisha hodi.

Nawashukuru kwa reli, na hili nalisema kwa dhati. Tangu SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, Dar es Salaam tunafika chini ya saa mbili, na kwa mtoto asiyeweza kelele, behewa lisilo na muziki wala wapiga debe ni neema. Lakini mimi niko karibu na stesheni. Mama wa Malinyi anatumia karibu siku nzima kufika Morogoro mjini tu, na masika sijui hata kama anafika. Huyo naye mnamwambia aende kwa bingwa, arudi, aende tena?

Wenzetu wa Afya, kuna jambo mnaloweza kuanza nalo bila kununua mashine. Lipo dodoso linaloitwa M-CHAT, maswali 20 ya ndiyo au hapana, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, linalotumika katika nchi nyingi. Halithibitishi usonji, linachuja tu: huyu aangaliwe zaidi, huyu yuko sawa. Linauliza mambo ambayo mama yeyote anayajua. Mtoto ukimwita jina anageuka? Ananyoosha kidole kukuonyesha kitu kilichomvutia? Anaigiza, kama kujifanya anaongea na simu? Muuguzi anaweza kuuliza hayo mtoto akiwa bado ananing'inia kwenye mzani. Binti yangu nilimpeleka kliniki kila mwezi. Kadi yake ina nukta za uzito zilizopanda vizuri kabisa, na niliambiwa "hongera mama" kila zilipopanda. Kuhusu kidole sikuulizwa hata mara moja, na alikuwa hanyooshi. Kitu akikitaka alikuwa ananishika mkono kama anavyoshika koleo na kuupeleka pale.

Desemba 2021 mlizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto wa miaka 0 hadi 8: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Ni programu nzuri kwenye karatasi, na nimeona mabango yake. Binti yangu sasa anatoka kwenye umri huo akiwa bado kwenye foleni.

Naye si mmoja wa ajabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Katika shule ya msingi yenye wanafunzi elfu moja, piga hesabu. Wako wapi? Wengine wamekaa nyuma darasani, kimya, wanaitwa wazito. Wengine wamefungiwa ndani na majirani wanaambiwa yuko kijijini kwa bibi. Wengine wanazungushwa kwa waganga na kwenye maombi ya usiku. Hata mimi nimeshauriwa hivyo na watu wanaonipenda. Na kwa mtoto wa kike ni kazi zaidi, maana akikaa kimya peke yake wanasema ni mpole, ana adabu, mama kamlea vizuri.

Kwa upande wa sheria, nchi haina upungufu. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, kinampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa ya kuandikishwa katika shule ya kawaida, ya umma au ya binafsi, na kinataka apewe huduma saidizi anazozihitaji ili ajifunze. Nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi mliuandika kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, kwa hiyo mkakati unaofuata utapita kwenye meza zenu hizo hizo. Nimetafuta katika sheria mahali panaposema haki hiyo inaanza siku bingwa anaposaini. Sijapaona.

Kuna ushauri mmoja unaonitoa machozi ya hasira, na nimeupata kwa zaidi ya mtu mmoja: "Mama, mtafutie shule maalum ya bweni." Mwaka 2023 ninyi wenyewe mlitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, kwa hoja kwamba umri huo mtoto anahitaji malezi ya wazazi wake. Nilishangilia. Sasa mtoto wa jirani anayeweza kueleza alichokula na nani kamsukuma haruhusiwi bweni mpaka afike la tano, ila wangu, asiyeweza kueleza nani kamgusa na wapi, ndiye anafaa kulala mbali na mimi? Kama hoja ya waraka ni malezi, basi huyu anayahitaji maradufu. Sipingi shule za bweni kwa familia ambazo hazina njia nyingine, na najua zipo. Napinga kutajwa kwanza, kabla hata mtu hajauliza shule ya jirani inahitaji nini.

Vitengo ndani ya shule za kawaida vinawezekana. Dar es Salaam, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto wenye usonji, na jina lake limekuwa likitajwa na wazazi kwa miaka mingi. Lakini nchi si Ilala. Na hata penye kitengo, mwalimu wa darasa la kawaida asiachwe nje, maana watoto wengi wenye usonji wako kwake hivi sasa, iwe anajua au hajui.

Walimu wenyewe wanataka kujua. Chuo cha Patandi, Arusha, kimefundisha walimu wa elimu maalum kwa miongo kadhaa katika fani za wasioona, viziwi na ulemavu wa akili. Mtoto mwenye usonji amekuwa akiwekwa kwenye fani hiyo ya tatu, wakati wapo wenye usonji walio na ulemavu wa akili na wapo wasio nao kabisa, ambao hesabu wanazifanya kuliko mwalimu ila hawawezi kuomba ruhusa ya kwenda choo. Hilo nawaachia wataalamu walitafakari. Mimi naangalia lililo karibu: mnao utaratibu wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, yanayofanyika shuleni kwao, walimu wakifundishana. Wekeni humo mada ya usonji. Mfundisheni mwalimu kwamba mtoto asiyekutazama machoni anaweza kuwa anakusikia, kwamba maelekezo matatu kwa pamoja ni mengi mno, kwamba picha inamsaidia pale neno linapompita, na kwamba anayejitikisa pembeni anajituliza. Mwalimu mzuri akishaelewa hayo, mengine atayagundua mwenyewe kwa boksi na uzi.

Sisemi hela haihitajiki. Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi chini ya elimu bila ada imekuwa ikihesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Kwa fungu hilo mwalimu mkuu hawezi kumlipa msaidizi wa darasa, na sitamdanganya mtu kwamba anaweza. Wazazi tuko tayari kukaa zamu darasani kama shule itaturuhusu. Tuliwahi kuliomba hilo, tukajibiwa kwamba hakuna mwongozo. Toeni mwongozo basi.

Kuna pia tiba ambazo kwa wengi bado ni hadithi. Hospitali ya KCMC kule Moshi wanafundisha wataalamu wa tiba kwa vitendo. Mtaalamu huyo ndiye anayemfundisha mtoto kushika kijiko, kufunga vifungo, kuvumilia sauti kidogo kidogo. Pamoja naye kuna mtaalamu wa usemi, ambaye mkoani ni kama hayupo. Angalieni ikama za hospitali za wilaya muone wametengewa nafasi ngapi. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, tiba hizo zitajwe kwa majina kwenye kitita cha mafao. Sitaki nifike dirishani niambiwe kwamba mazoezi ya kuongea si ugonjwa.

Nikirudi kwenye ombi langu, nawaona mnaweza kulitekeleza kwa waraka mmoja wa kurasa mbili, Elimu na TAMISEMI mkiuandika pamoja. Useme kwamba shule isimrudishe nyumbani wala isimnyime msaada mtoto kwa sababu hajabainishwa. Useme kwamba mwalimu wa darasa na mzazi wakae, waandike ukurasa mmoja: mtoto anaweza nini, nini kinamvuruga, nini kinamtuliza, tunafanya nini muhula huu. Ukurasa huo ukae kwenye kumbukumbu zake na umfuate akihama, au mwalimu akihama. Na ukurasa huo huo, ukipigwa muhuri wa shule, ndio uwe ile ripoti anayoitaka bingwa. Hapo mzunguko wote niliouelezea unakatika, na bingwa mwenyewe atafanya kazi haraka zaidi kwa kuwa atapokea maelezo ya mtu anayemwona mtoto kila siku.

Najua mtakachohofia: shule zitajaza watoto watukutu na kuwaita wenye mahitaji maalum, au mzazi atataka upendeleo. Na iwe hivyo kwa muda. Mtoto asiye na usonji akionyeshwa picha ya kinachofuata na akaelekezwa kwa utulivu, amedhurika nini? Mwenye usonji akinyimwa hayo kwa miaka miwili akisubiri saini, anachokipoteza ni umri wa kujifunza kuongea, na umri huo hamna kasma ya kuurudisha.

Uandikishaji wa awali na wa darasa la kwanza hufunguliwa Oktoba. Wazazi watajipanga tena, na kati yao watakuwepo wanaoshika mkono wa mtoto kwa nguvu kuliko wengine. Kabla ya hapo naomba nijibiwe kwa maandishi swali moja, na jibu lake libandikwe kwenye mbao za matangazo za shule na kliniki zote: katika kila halmashauri, ni afisa gani, kwa cheo chake na namba ya simu ya ofisi yake, anayewajibika kwa mtoto ambaye ameandikishwa shule lakini bado hajabainishwa?

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa mwanafunzi wa darasa la pili,
Mkoa wa Morogoro